Nilimtumia Shoga Yangu Moto Saba, Hela ya Mchezo Ikaungua

Wadau wangu, mambo vipi? Najua wengi mkiingia hapa siku ya Ijumaa mnataka ubuyu. Nani kaachana na nani, nani kaonekana kwenye gari la nani. Leo ubuyu upo, ila ni wa kwangu mwenyewe, na aliyeumia ni mtu ambaye hamumjui. Simtaji jina wala wimbo wake, maana kaniruhusu niandike kwa sharti hilo. Mkianza kubahatisha huko chini kwenye komenti nafuta.

Ni shoga yangu tangu kidato cha kwanza. Anauza mitumba Tandika, nguo za watoto, na anaimba. Sio kuimba kwa bafuni, anaimba kweli. Kwenye mahafali yetu ya kidato cha nne ndiye aliyesimama na maiki, wazazi wakatuza mpaka mwalimu wa nidhamu akachomoa noti. Yule mwalimu hata kutabasamu alikuwa hajui.

Sasa, mwaka juzi niko kwenye daladala ya Gongo la Mboto kwenda Kariakoo, nimesimama, nimeshikilia bomba. WhatsApp ikaingia. Ni wimbo, dakika 3 na sekunde 12. Chini yake kaandika: "Shoga sikiliza hii kabla sijalipia video. Niambie ukweli wako."

Kabla sijalipia. Mimi hilo neno sikuliona kabisa siku ile.

Nikasikiliza kama dakika moja na nusu. Konda anagonga bodi, hedifoni yangu upande mmoja ulishakufa. Lakini hata kwa sikio moja nilisikia. Biti ilikuwa ya amapiano, kama ile ambayo mwaka ule kila mtu alikuwa nayo. Sauti imezama, kama mtu anaimba akiwa ndani ya pipa. Kiitikio kimewekwa juu kuliko pale anapofika yeye, kwa hiyo kila akikigusa unasikia kabisa shingo inakaza. Halafu maneno alikuwa anayavuta kwa pua kama staa mmoja mkubwa wa kike, mpaka yule binti wa mahafali nikamtafuta ndani ya wimbo nikamkosa.

Nikaandika: "Weee! Bonge la ngoma mamaa!" Nikamwaga moto. Nilikuja kuihesabu baadaye, ilikuwa saba.

Nikashuka Kariakoo nikaendelea na mambo yangu.

Nimejiuliza sana kwa nini nilijibu vile, maana mimi sio mnafiki, au ndivyo nilivyokuwa najijua. Kwanza kuna hofu ya kuitwa mwenye wivu. Huku kwetu uswahilini mwenzio akianza kupanda, wewe ukisema neno tofauti na "safi sana" basi una roho ya kwa nini, hutaki mwenzako atoke. Hiyo hofu ni ya kweli na siidharau. Lakini nikijichana mwenyewe bila huruma, hofu ilikuwa kidogo. Kubwa lilikuwa uvivu. Kumwambia mtu wimbo wake una tatizo, lazima uusikilize wote. Lazima ujue tatizo liko wapi, ulirudie, utafute maneno, halafu ukae naye akikasirika. Moto saba ni sekunde mbili na kidole gumba.

Wazee wanaita kumvika mtu kilemba cha ukoka. Ukoka ni nyasi tu. Asubuhi ukimvika mtu anapendeza, jua likipanda kinanyauka, na kinanyaukia kichwani kwake, wewe uliyemvika uko zako kivulini.

Jua likapanda.

Yeye alikuwa anacheza mchezo na wanawake wenzake wa sokoni. Wako kumi na tano, kila mmoja laki moja kwa mwezi. Mwezi ule kijumbe alikuwa anamkabidhi yeye, milioni moja na nusu mkononi. Hela ilikuwa na kazi yake: kufungua mabelo ya nguo za watoto na kulipia kizimba. Baada ya ule moto wangu ikabadilishiwa kazi. Milioni moja ikaenda kwenye video. Laki mbili ikaenda kwa wacheza shoo, nguo na chakula. Laki tatu akapewa kijana aliyesema ataisukuma mtandaoni, na sijawahi kuona alichosukuma. Wakaenda kupiga picha ufukweni Kigamboni, akanitumia akiwa na gauni jekundu na upepo, na kwa kweli alipendeza. Nikamwagia tena mioyo.

Wimbo ukatoka Ijumaa. Baada ya wiki mbili YouTube ilikuwa inasoma watazamaji 611, na nadhani mia humo ni yeye mwenyewe na mdogo wake. Na jamani, tukumbuke YouTube haikuruhusu ubadilishe video uliyokwishapandisha. Ukitaka kurekebisha sauti unapandisha upya, na hesabu inaanza sifuri.

Lakini 611 sio kilichomuumiza. Kuna ukurasa wa vichekesho Instagram ulichukua sekunde chache za kile kiitikio, ukaunganisha na mbuzi anayelia. Nikaikuta saa tano usiku, niko kitandani. Nitasema ukweli: nilicheka. Ilichekesha. Nikaacha vicheko vitatu kwenye komenti, nikalala.

Asubuhi nikaamka nikakuta ujumbe wake. Hakuna neno hata moja, ni skrinishoti mbili. Ya kwanza ni WhatsApp, mimi na moto wangu saba. Ya pili ni ile komenti, jina langu na vicheko vitatu.

Wadau, nimewahi kutukanwa humu ndani. Nimewahi kuambiwa niolewe niache kuandika ujinga. Hakuna kilichowahi kunivua nguo kama zile picha mbili.

Nilipiga simu, hakupokea. Siku ya tatu nikamfuata Tandika. Nilimkuta anapanga nguo, mama yake yuko pembeni anakunja. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, za siku?" Mama hakuwa anajua kitu. Shoga yangu hakuacha kupanga. Akanipa rundo la soksi nilinganishe, ndiyo ikawa salamu yake. Tukafanya kazi kama nusu saa kimya. Mama alipoenda kununua maji ndiyo akasema, bila kuniangalia:

"Wale walionicheka sina shida nao. Hawanijui. Wewe nilikuuliza."

Nikaanza kujitetea, eti sikutaka kumvunja moyo.

"Ungenivunja moyo ningelia siku mbili. Hela yangu ningekuwa nayo."

Sikuwa na jibu. Na wewe unayesoma hapa ukiwa na jibu niandikie, maana mimi mpaka leo sina.

Ngoja nitoke nje ya hadithi kidogo. Sisi rika langu tumekulia kwenye Bongo Star Search. Tulikuwa tunajazana sebuleni kwa jirani mwenye runinga, tunamsubiri Madam Rita, Master J na Salama Jabir wamwambie mtu ukweli. Na raha kubwa, tukubaliane, haikuwa wale wanaojua kuimba. Raha ilikuwa wale wasiojua. Sisemi majaji walikosea, jaji kazi yake ni kukupitisha au kukurudisha nyumbani, na foleni ni ndefu. Tatizo ni sisi watazamaji. Tulitoka pale tukiamini kusema ukweli ni kuchana mtu watu wacheke, na kama hutaki kuchana basi sifia. Nafasi ya katikati hatukuiona kwenye runinga.

Na hata nyumbani hatukuiona vizuri. Bibi yangu akikasirishwa na jirani hasemi, anatafuta kanga yenye maneno yake, anajifunga, anapita mlangoni kwa mtu mara mbili. Taarabu nayo hivyo hivyo, mpasho unarushwa ukumbini na mwenyewe anajijua. Ni sanaa tamu na mimi naipenda, ila haimsaidii mtu anayetaka kujua kiitikio chake kina kasoro gani.

Nafasi ya katikati nimekuja kuiona nikiwa mkubwa, studio, Sinza. Nilienda kumhoji prodyuza mmoja mtu mzima, wa tangu enzi za kaseti. "Shikamoo kaka." "Marahaba mdogo wangu, kaa, ila usirekodi kwanza, kuna dogo anakuja." Dogo akaja, miaka kama kumi na tisa, na wimbo wake kwenye flashi. Nikakaa kwenye kochi nikijua leo naona mtu anachanwa.

Kaka akausikiliza wimbo mzima kimya. Akaurudia. Mara ya tatu akaupiga kwenye simu yake, kwa spika ya simu. Dogo anatokwa jasho. Mimi mwenyewe nilianza kutokwa jasho. Halafu kaka akauliza: "Hii unamwimbia nani?"

Dogo akasema mashabiki.

"Hapana. Mtu mmoja. Nani?"

Dogo akafikiri, akasema kaka yake aliyeko jela.

Kaka wala hakushtuka. Akasema sawa, basi twende sekunde ya 48. Akapiga. "Hapa umesema nini?" Dogo akasema maneno yake. "Mimi nimesikia kitu kingine. Kaka yako atasikia nini?" Akazima biti, akaacha sauti peke yake, na pale dogo akajisikia mwenyewe jinsi alivyokuwa anameza silabi akikimbizana na biti. Uso ukambadilika. Hakuna aliyemwambia hujui kuimba. Kaka akamwambia pia kwamba ubeti wa pili asiuguse hata neno, na akamwambia kwa nini. Kisha akampa kazi: rudi Jumanne, umeandika upya mistari minne ya mwanzo.

Dogo alipotoka nikamuuliza kaka kwa nini alipiga kwenye simu. Akaniambia watu wengi watausikia huko, spika ndogo inapoteza besi, sasa kama wimbo unaishi kwa besi tu, kwenye simu unakufa. Nikamuuliza mbona hakusema kama wimbo ni mzuri au mbaya. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali la ajabu. "Sasa nikimwambia mbaya, Jumanne atafanya nini?"

Nilirudi nyumbani na mahojiano ambayo sikuyatumia. Lakini sekunde ya 48 ilinikaa kichwani. Mimi nilikuwa na kila kitu alichokuwa nacho yule kaka. Masikio ninayo. Shoga yangu alishaniuliza, tena kabla hajalipa, kwa maandishi. Nilichokosa ni kutaja sekunde.

Kabla hamjaanza kuchana watu kwenye stetasi zao kwa kusingizia makala yangu: sio kila mtu kaomba. Bi harusi akiweka picha siku ya ndoa, gauni halirekebishiki tena, mwambie kapendeza ukae kimya. Ukiombwa kwenye grupu la watu tisini, mfuate pembeni. Na kama hujausikiliza wimbo, sema hujausikiliza. Hiyo tu ingeniokoa.

Tuendelee. Ilipita karibu mwaka mmoja tukiwa watu wa "mambo", "poa". Mwezi uliopita akanipigia. Hakutuma wimbo. Alisema: "Njoo nyumbani Jumapili. Nina kitu. Safari hii nitakuangalia usoni."

Nikaenda. Chumba chake kile kile, belo moja kona, sabufa juu ya kigoda. Akaweka. Nikamwomba turudie, halafu turudie tena. Mara ya tatu nilikuwa nimechukua karatasi, akanicheka, "Umekuwa baraza la mitihani?" Lakini alikuwa anatetemeka, niliona mkono.

Nikamuuliza anamwimbia nani. Akasema mwanaume yule, aliyemwacha. Nikamwambia mwanzo una sekunde 40 za biti kabla hajafungua mdomo, mimi ningeshapita. Akasema anaweza kukata. Nikamwambia jina la huyo mwanaume limetajwa mara kumi na moja, nimehesabu, na kufikia mara ya sita nimemchoka hata mimi ambaye nilikuwa namjua. Akacheka kidogo. Nikamwambia ubeti wa pili, pale anapomtaja mama yake anayekunja nguo usiku huku anahesabu chenji kwa taa ya simu, nimesisimka mwili mara zote tatu, kwa nini kaufukia dakika ya pili?

Akanyamaza. "Huo niliuandika dakika tano. Kiitikio ndiyo kimenichukua wiki mbili."

Na hapo ndipo nikaharibu. Nikasema: "Kiitikio sauti yako haina nguvu."

Mnajua uso wa mtu unavyofunga mlango? Akainuka, akapunguza sabufa. "Sauti yangu, au wimbo?"

Nikajiona niko tena kwenye daladala, nataka kusema basi mwaya, ni nzuri, achana na mimi. Nikavuta pumzi. "Wimbo. Umeuweka juu sana. Sauti yako nzuri iko chini, ile ya mahafali. Pale juu unamwimbia yule staa, sio wewe."

"Kwa hiyo wiki mbili nimefanya upuuzi."

"Sijasema upuuzi."

"Ndivyo nilivyosikia."

Tulikaa kimya mpaka wimbo ukaisha na ule unaofuata kwenye simu yake ukaanza, kaswida. Ilikuwa vibaya, sitawadanganya kwamba ukisema kwa heshima mtu anakushukuru. Hakunishukuru. Alienda kuchemsha chai kwa hasira, vikombe vinagongana. Aliporudi akaniwekea changu mbele, bila sukari, anajua natumia tatu, akasema:

"Haya, na mimi nikwambie lako. Makala zako nasoma zote. Kila siku unaanza na 'wadau wangu mambo vipi', unazunguka, mpaka mtu afike kwenye habari yenyewe chai imepoa. Yale unayoandika kuhusu bibi yako na kanga, hayo ndiyo mazuri, halafu unayatupia mistari miwili unakimbia."

Niliumia, wallahi. Nilitaka kumwambia yeye anajua nini kuhusu kuandika. Nikanywa chai ile ile isiyo na sukari. (Na kama mmeona nilivyoanza leo, mjue tabia haifi kwa Jumapili moja.)

Tulipoagana alinisindikiza mpaka kituoni, jambo ambalo hakulifanya mwaka mzima. Hakusema atabadilisha. Alisema tu zamu yake ya mchezo inarudi mwezi ujao na kijumbe kashamuuliza, na mama safari hii anajua hela inakuja. Belo au video, hajaamua. Sikumshauri. Nilitamani, lakini kwenye hilo hakuwa ameniuliza.

Leo alfajiri, kabla sijatoka kitandani, WhatsApp ikaingia. Wimbo, dakika 2 na sekunde 50. Chini yake kaandika: "Nimeshusha. Mama yuko mwanzo. Usinitumie moto."

Nimeusikiliza mara mbili. Sasa hivi nausikiliza kwa spika ya simu, na kuna kitu kwenye sekunde ya 31.